Siku Sauti ya Anti Twiga Ilipokauka

Walikutana kwa sababu ya honi. Asubuhi hiyo mabasi matano ya shule yalijaa langoni pa bustani ya wanyama, na dereva mmoja, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa, alikuwa anapiga honi kama aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Akatokea msichana mrefu, suruali ya kaki, skafu ya njano shingoni, akagonga dirisha. Akamweleza kwamba swala wakishtuka hujigonga kwenye uzio wakavunjika miguu, kwa hiyo achague: anyamazishe honi au ashuke akawafunge bendeji. Dereva akaiacha honi, na siku nzima hakujielewa.

Huyo ndiye Anti Twiga, kama watoto walivyomwita. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wanafunzi na kuwaeleza habari za wanyama. Mwaka mzima dereva aliomba apangiwe kila safari ya kwenda huko, ila hakushuka kwenye basi hata mara moja. Aliogopa wanyama, mbuzi akiwemo. Mapenzi yao yalikuwa ya dirishani mchana na ya simu jioni, na kwenye simu msemaji alikuwa Anti Twiga. Mwenzake aliitika "mm".

Hiyo "mm" ndiyo iliyoleta balaa. Wiki mbili zilizopita Anti Twiga alimpigia, akamwambia amepata nafasi ya kuhudumia viboko katika bustani nyingine, mwendo wa saa saba kwa basi. Tangu aajiriwe alitamani kuwalisha wanyama na kuwatibu, si kuwasimulia tu. Dereva akaitika "mm", halafu akauliza kama ameshakula.

"Wewe hunisikilizi," Anti Twiga akasema, akakata. Tangu siku hiyo simu za dereva ziliita mpaka zikachoka.

Leo alikuwa amefika na wanafunzi arobaini na watatu, na makalio yake hayakutulia kitini. Alifuta kioo mara tatu. Aliwasha redio, akazima, akawasha tena. Mlinzi wa getini alikuwa ameshamnong'oneza kwamba saa tisa Anti Twiga anatakiwa kumjibu meneja, aende au abaki.

Naye Anti Twiga alikuja macho mekundu, sauti imekauka. Vikundi vinne jana, na kulia juu yake, koo gani lingebaki? Alifungua mdomo, ukatoka upepo. Watoto walicheka, kisha wakaanza kutawanyika, wawili tayari wanawachokoza mbuni. Mwalimu wao, mama wa pumzi fupi, akashika kichwa.

Dereva akashuka. Kwa mara ya kwanza alikanyaga ardhi ya bustani, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Anti Twiga bila kumtazama.

"Huyu ni twiga," akasema. "Shingo yake ina mifupa saba tu, sawa na yako wewe unayeinyoosha kuibia mtihani."

Watoto wakaangua kicheko na kurudi mbio. Akaendelea. Mbuni hafichi kichwa mchangani, huo ni umbea wa watu. Pale ambapo Anti Twiga huinua mkono, naye aliinua. Hata kikohozi chake cha katikati ya maelezo alikikohoa. Anti Twiga alifuata nyuma amekunja uso, kwa kuwa mtu yeyote mwenye dirisha wazi angeweza kukariri hayo.

Walipofika kwenye bwawa la viboko, dereva akasimama mbali kidogo na ukuta. "Kiboko haogelei, anatembea chini ya maji. Na yule wa sikio lililochanika hali mpaka umwimbie."

Hilo la kuimba Anti Twiga hakuwahi kumwambia mgeni yeyote. Alilisema kwenye simu, mara moja, miezi mingi iliyopita. Akaacha kukunja uso.

"Anko, umejuaje yote haya?" mtoto mmoja akauliza.

"Naambiwa kila jioni."

"Na nani?"

Dereva alimtazama mtu mmoja tu, na watoto si wajinga. Mwalimu akawasukuma upande wa pili wa bwawa.

"Siku ile ulinisikia?" Anti Twiga akanong'ona.

"Neno kwa neno."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningefungua mdomo ningesema usiende. Ungebaki, halafu kila ukimwona kiboko ungeninunia."

"Ungesema tu. Ningejua nina mtu."

"Basi nasema. Usiende."

"Nitaenda."

"Najua," dereva akajibu, akageukia maji ili asionekane macho. Iliuma, tena iliuma vibaya.

Saa tisa Anti Twiga akaingia ofisini kwa meneja. Dereva alihesabu watoto mara mbili, akapata idadi mbili tofauti, akamwachia mwalimu. Alikuwa ameshawasha injini Anti Twiga alipotokea, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni pa basi.

"Nimekubali," akasema kwa kile kisauti kilichobaki. "Naanza Jumanne. Ila meneja ameniuliza swali lake, wewe hata hujaniuliza lako."

Dereva akazima injini. Akamuuliza hapo hapo kama atakubali waoane, mguu mmoja ngazini, watoto wote vichwa nje ya madirisha.

"Jumamosi njoo nyumbani na baba yako mdogo, shangazi atakuwepo," Anti Twiga akamjibu. "Na Jumatatu unipeleke mwenyewe."