Mbayuwayu Nyuma ya Gari

Ekseli ilikatika saa nne asubuhi, na kosa lilikuwa la mtafiti wa ndege mwenyewe. Mbayuwayu walikuwa wakilifuata gari, wakipita chini kabisa karibu na magurudumu, wakidaka wadudu waliotimuliwa kwenye nyasi. Hakuwahi kuwaona wakila hivyo. Akamwomba dereva, mdogo wa mumewe, aiache njia azunguke nyikani mara moja tu. Mara moja ikazaa ya pili, ikafika ya saba, na hiyo ya saba ikawatumbukiza kwenye shimo lililochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa. Mtu mzima na shahada zake, amejigeuza mchunga ndege.

Mguu wa dereva ulivunjika juu ya kifundo. Mtafiti aliufunga kwa stendi ya kamera na shati lake la pili, huku akimwomba radhi. Simu hazikushika mtandao. Maji yalikuwa chupa mbili.

Kesho yake mchana ilibaki nusu chupa, na dereva alikuwa anachemka kwa homa. Mbayuwayu walishaondoka zamani. Gari lililosimama halikuwa na cha kuwalisha. Ndipo mtafiti akawaona tena, mbali upande wa mashariki. Walikuwa chini vilevile, wakikatiza huku na huku, na kundi zima lilisogea kwa mwendo wa mnyama anayekula. Nyasi zilificha kilichokuwa chini yao. Huenda ng'ombe, huenda nyati.

"Kuna ng'ombe kule," akasema. "Penye ng'ombe hapakosi mchungaji."

"Una hakika, shemeji?"

"Ninayo."

Dereva akamsukumia chupa. "Basi nenda na maji."

"Mwenye homa ni wewe. Kunywa kidogo kidogo, na usitoke kivulini."

Wakavutana kidogo, mpaka mtafiti akakata shauri na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Alilenga kilima kimoja chenye mgongo mweupe, asije akazunguka tena. Miiba ilimchana miguu. Ulimi ulimkauka mpaka akashindwa kumeza mate. Ndege walipotea nyuma ya mwinuko na alizidi kutembea, kwa sababu kurudi mikono mitupu kulimtisha kuliko pembe. Alipofika juu, kitu kizito kilikoroma ndani ya nyasi, hatua kumi mbele yake. Akasimama.

Kisha akasikia mluzi. Nyati hawapigiwi mluzi. Akaketi chini akalia.

Alirudi jua likielekea kuzama, pamoja na wachungaji wawili, punda na viriba vya maji. Dereva alikuwa hai. Walimnywesha, wakampandisha juu ya punda, wakaanza safari taratibu, mtafiti akiushikilia ule mguu usiyumbe.

"Shemeji," dereva akasema, "wale ng'ombe uliwaona kwa macho yako?"

"Niliona ndege."

"Ungeniambia hivyo, nisingekuacha uende."

"Ndiyo maana sikukuambia."