Mkubwa Atasubiri

Kila asubuhi Chiriku alimfunga mdogo wake kamba za viatu, akambebea mkoba, kisha wakaongozana hadi barabara kuu iliyopita mbele ya shule yao. Jina hilo la utani alipewa kwa kusema bila kituo. Lakini tangu mdogo wake agongwe na pikipiki, hakusema zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Hakulia wala hakukasirika. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Mvulana alipona, ila alichechemea. Majirani walimfariji mama yao kwa kusema, "Ajali haina kinga." Siku ile gari lilikuwa limesimama kuwapisha, naye Chiriku akamwambia mdogo wake, "Kimbia, usimsubirishe mzee wa watu!" Nyumbani walifunzwa kwamba mkubwa hasubirishwi. Mtoto akakimbia kwa adabu zake zote, na pikipiki ikachomoka ubavuni mwa gari.

Ndipo halmashauri ya mji ikamleta afisa wa usalama barabarani kuwafunza wanafunzi kuvusha wenzao. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye filimbi shingoni. Alipanga madawati uwanjani yawe magari.

"Ajali haina kinga, sivyo?" aliuliza.

"Ndiyo!" wakaitikia.

"Kumbe mimi nalipwa mshahara wa bure!"

Wote walicheka isipokuwa Chiriku.

Afisa alieleza kwamba gari lililosimama huficha linalokuja nyuma yake. Mvushaji ainue kibao chenye neno "Simama", awazuie wenzake, achungulie ng'ambo ya gari hilo, ndipo awaruhusu.

"Na aliyesimama?" Chiriku aliuliza. "Si tutamsubirisha?"

"Atasubiri. Barabarani, mkubwa ndiye anayemsubiri mtoto."

Siku ya kwanza ya zamu ya Chiriku kuvusha wenzake, afisa akiwa kando, lori lilisimama. Dereva, mzee wa mvi, alipiga honi na kupunga mkono. "Haya, vukeni upesi, wanangu, nachelewa!"

Watoto wakaanza kukurupuka, mdogo wake akiwa mbele. Chiriku akanyoosha mkono kuwazuia.

"Shikamoo, mzee. Utatusubiri kidogo."

Alichungulia. Pikipiki ikachomoka nyuma ya lori, ikapita kwa kasi mbele yake hadi sketi ikapepea.

Dereva alijifuta uso. "Marahaba, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Vukeni taratibu."

Wakavuka wakitembea. Walipofika ng'ambo, Chiriku aliketi ukingoni na kulia kwa kwikwi. Hofu, uchungu na huruma vilimjia kwa mpigo.

"Dada, mbona unalia? Sijagongwa!" mdogo wake alisema.

Afisa akachuchumaa karibu naye.

"Mimi ndiye niliyemwambia akimbie," Chiriku alisema. "Siku ile."

"Ulifanya ulivyofunzwa, mwanangu. Kosa ni letu wakubwa, tuliowafunza adabu ya nyumbani tukasahau ya barabarani. Ajali nyingi zina kinga, nayo ni kujifunza. Usivuke kwa sababu mtu mmoja amesimama. Vuka ukishaona wote wamesimama, na utembee, usikimbie. Heshima yako kwa mkubwa ni kufika shuleni mzima."

Alimshika mkono, akamwinua. "Sasa futa machozi. Ng'ambo ile kuna wenzako wanakungoja."

Chiriku akafuta machozi, akainua kibao.