Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Kila asubuhi Efrazia alinunua chapati moja kwa mama Oliva sokoni Endasak, akaila akitembea ili afike ofisini kabla ya mtendaji. Alikuwa karani wa kata, msichana mwenye haya na mwandiko mzuri. Siku hiyo mbuzi aliyekuwa akipelekwa mnadani aliikanyaga sketi yake ndefu ya bluu, mshono ukaachia mpaka gotini.

"Usikimbie, dada, utaimaliza!" Fundi cherehani mmoja, kijana mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni, alimwita. "Njoo usimame huku nyuma."

"Watu wananiangalia."

"Wanamwangalia mbuzi. Kakuzidi uzuri."

Efrazia alicheka mpaka chapati ikamwanguka. Fundi aliitwa Vicent.

Baada ya miezi miwili walikuwa wakipigiana simu kila mchana.

"Umekula, Efra?"

"Nimekula. Wewe?"

"Bado. Sema kwanza unanipenda, nishibe."

"Si unajua?"

"Najua. Nataka nisikie."

Alikata simu kwa aibu, akatuma moyo mwekundu. Vicent akajibu: *Mdomo nao umekanyagwa na mbuzi?*

Efrazia alipomwambia kwamba padri anataka cheti cha ubatizo ili ndoa yao itangazwe kanisani, Vicent aliacha kukanyaga cherehani.

"Mimi si mtu wa Kigoma kama nilivyokuambia. Nimezaliwa kambi ya wakimbizi, na cheti kiko huko. Babu alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Serikali ikampa shamba na jembe. Alirudi kwao, vita ikaja tena, baba naye akakimbia. Yeye alipewa hema, akaambiwa asitoke bila kibali. Mimi nimetoka bila kibali."

"Na wewe umepewa nini?"

"Wewe."

Wiki iliyofuata barua ilifika ofisini: waorodheshwe wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi.

"Jaza hiyo, mwanangu," alisema mtendaji, mzee Margwe, akivaa koti. "Mimi nina kikao."

Chuoni Efrazia alikuwa amesoma kwamba kuna wakimbizi wa zamani walioorodheshwa hivyo, kisha wakapewa uraia. Hakuuliza chochote. Aliandika jina la Vicent la kwanza, herufi nzurinzuri, na mahali cherehani yake ilipo. Hakumwambia. Alitaka uraia uwe zawadi ya harusi.

Gari la uhamiaji lilikuja siku ya mnada. Vicent alikuwa akishona mikono ya gauni jeupe; askari walimwinua sindano ikiwa bado kwenye kitambaa.

"Nani kamchoma huyu mtoto kwa serikali?" alipiga kelele mama Oliva.

Vicent alitazama jirani yake, fundi Gidamis, aliyekuwa akigombania naye wateja. "Gidamis, hata wewe?"

"Naapa, Vicent, siyo mimi!"

Hakuna aliyemsikiliza. Akina mama waliipindua cherehani ya Gidamis, wakamrushia matope, na mmoja akampiga na kiatu mdomoni. Efrazia alikuwa hapo, akiyaona yote.

Alimkimbilia mtendaji aliyesimama karibu na gari. "Shikamoo, mzee. Hawa si wanapewa uraia?"

"Marahaba. Hiyo ilikuwa zamani, mwanangu. Siku hizi wanarudishwa kwao."

"Kwao wapi? Amezaliwa nchini humu!"

"Barua haikuuliza hilo."

Vicent alikuwa ameshapandishwa nyuma ya gari, futi bado shingoni. Alimwona Efrazia, akajaribu kutabasamu.

"Usilie, mpenzi. Gidamis, Mungu atamlipa. Wewe niambie tu lile neno, niende nalo."

Injini iliwaka. Nyuma yao Gidamis alikuwa amepiga magoti akiokota vipande vya cherehani, damu ikimtoka mdomoni. Efrazia alishika ukingo wa gari kwa mikono miwili.

"Ni mimi, Vicent," alisema, na kwa mara ya kwanza soko zima lilimsikia. "Nimekuandika mimi. Nakupenda. Nilitaka ubaki."