Alichokiona Latifa kwenye Nyumba ya Pampu

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo na kufagia uwanja, Latifa alichukua mundu na kamba akapanda mlimani kukata majani ya ng'ombe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Majani mazuri yalikuwa yamebaki sehemu moja tu, kwenye ukingo ulio juu ya nyumba ya pampu, kwa sababu kwingine kote jua lilikuwa limeyaunguza.

Ukame wa mwaka ule haukuwa wa kawaida. Mfereji ulioleta maji kwenye mashamba ya Kweulasi, kijiji kilichoko safari fupi kutoka Mlola, ulikuwa umekauka mpaka vyura wakahama. Kabichi zilisinyaa. Karoti zilitoka ardhini nyembamba kama vidole. Huko juu, shamba kubwa la maua la mwekezaji lilikuwa na pampu iliyonguruma mchana kutwa, ikivuta maji ya kijito kabla hayajafika kwa wanakijiji. Mikutano ilifanyika, viongozi wakaahidi, pampu ikaendelea kunguruma.

Aliyesema sana kwenye mikutano hiyo alikuwa Hashimu, mdogo wake mama Latifa. Baba yake Latifa alikuwa kijiji cha Mnazi, akilima mpunga huko tambarare, na Mjomba Hashimu ndiye aliyewatazama nyumbani. Alikuwa mpole kwa watoto, lakini likizungumzwa suala la maji, mishipa ya shingo ilimsimama.

Asubuhi ile ukungu ulishuka mzito. Latifa alikuwa amekata nusu ya mzigo aliposikia watu wakija. Hawakuimba kama wanavyoimba watu wanaokwenda kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Walitembea kimya, na ukimya ule ndio uliomtisha. Alijibanza nyuma ya mti wa mkaratusi.

Ukungu ulikuwa umepungua waliposimama mbele ya nyumba ya pampu. Mlinzi wake, Kornelio, alitoka na kuinua mikono. "Jamani, mimi nimeajiriwa tu! Ongeeni na meneja!"

"Meneja yuko wapi?" mtu akapaza sauti.

Mjomba Hashimu akajitokeza mbele, sururu mkononi. Hakumgusa Kornelio. Alikwenda kwenye bomba kubwa akalipiga mara kadhaa, likapasuka, maji yakaruka juu. Watu wakashangilia. Kisha jiwe likatoka katikati ya kundi, likampata Kornelio usoni. Alianguka mlangoni. Mawe mengine yakafuata, na ghafla moshi mweusi ukaanza kutoka ndani, kwenye madumu ya dizeli.

Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja tu alirudi. Latifa alimwona Mjomba Hashimu akitupa sururu na kukimbilia mlangoni. Suruali ya Kornelio ilikuwa imeshika moto. Mjomba akavua koti lake, akaufunika ule moto mpaka ukazimika, akalitupa kando, akamkokota mlinzi hadi kwenye nyasi. Alipoinama kumtazama, mikono yake ikiwa imejaa damu, kijana mmoja aliyekuwa amesimama mbali aliinua simu akapiga picha.

Latifa aliacha majani na mundu palepale, akakimbia nyumbani.

Jioni ile gari la polisi lilipanda Kweulasi. Mjomba Hashimu alichukuliwa akiwa bado hajala. Kesho yake picha ilikuwa imefika kwenye kila simu kijijini: Hashimu ameinama, mikono ina damu, mlinzi amelala chini yake. Juu ya picha mtu alikuwa ameandika, "Mtazameni muuaji." Kornelio hakuwa amekufa. Alikuwa hospitali mjini Lushoto, amepoteza jicho moja na hajaweza kuzungumza. Lakini hakuna aliyeifuta picha ile.

Jumatatu, Latifa aliporudi kutoka shuleni, alimkuta uwanjani dada mmoja aliyevaa koti la mvua, ana kinasa sauti.

"Shikamoo," Latifa alisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mwandishi wa redio. Wewe ni mpwa wake Hashimu? Siku ile mjomba wako alikuwa wapi?"

Mama yake, Salma, alikuwa bado kwenye kisima. Latifa alikiangalia kile kinasa sauti. Alikumbuka sururu. Akafikiri, nikisema alikuwepo, watamfunga.

"Hakuwepo kabisa," alijibu haraka. "Alikuwa nyumbani na sisi. Tulikuwa tunachambua maharage."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Kutwa nzima."

Usiku maneno yake yalisikika redioni, sauti yake nyembamba ikipita nyumba kwa nyumba. Mama aliisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akasema kitu kifupi kwa Kishambaa, kama anavyofanya anapoelemewa. Alikuwa amesema, "Mungu atusaidie."

Wiki ile redio haikuwa na habari nyingine. Watu walipiga simu kutoka kila upande. Mmoja alisema waandamanaji wote ni wahuni, wafungwe. Mwingine alisema wakulima wameonewa, hawana kosa hata moja, na mlinzi amelipwa na mwekezaji ajifanye mgonjwa. Wengine walidai picha imetengenezwa. Mashtaka yalisomwa mahakamani: kuchoma jengo kwa makusudi, kujeruhi vibaya na kuharibu mali. Mjomba hakupata dhamana. Kijijini vijana kadhaa hawakulala tena makwao, na watu waliokuwa wakisalimiana kwa kirefu sasa walipitana wakitazama chini.

Darasani, dawati la Latifa lilikuwa na nafasi. Aliyekaa naye siku zote ni Evelina, binti yake Kornelio. Evelina aliporudi shuleni hakukaa pale. Alipita na mfuko wake hadi nyuma kabisa.

"Evelina," Latifa alimwita wakati wa mapumziko.

"Nilikusikia redioni," Evelina alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Baba yangu hatanitazama tena kwa macho mawili. Na wewe ulikuwa unachambua maharage."

Akaondoka.

Ijumaa mama alikwenda gerezani kumwona ndugu yake. Aliporudi alikaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Latifa, njoo hapa. Mjomba wako amewaambia polisi alikuwepo. Amesema alimtoa mlinzi kwenye moto. Wamemcheka. Wamemwambia, mpwa wako mwenyewe amesema redioni ulikuwa nyumbani, sasa unasema ulikuwepo unaokoa watu. Mwongo ni nani kati yenu?"

"Mama, ni mimi."

Akamweleza yote, kuanzia ule ukimya wa watu mpaka koti lililoufunika moto. Hakuruka hata habari ya bomba. Mama alishika kichwa.

"Kwa hiyo bomba alilivunja kweli."

"Ndiyo, mama. Nilimwona."

"Huoni kwamba ukilisema hilo unamfunga wewe mwenyewe? Sema la kumwokoa mlinzi tu. La bomba liache."

Latifa alitikisa kichwa. "Niliacha kidogo nikaongeza kidogo, ndipo akaonekana mwongo. Nikiacha tena, watajua tena."

Mama alikaa pale hadi moto wa jikoni ukazimika. Asubuhi alimwamsha Latifa mapema, akamwambia avae sare safi ya shule.

Njia ya kwenda kituo cha polisi ilipita karibu na mashine ya kusaga. Vijana walikuwa wamekaa pale, makofia yameshushwa hadi kwenye nyusi. Mmoja, Dotto, alisimama akaziba njia.

"Shikamoo, mama Latifa. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Mjini."

"Mtoto amevaa sare Jumamosi." Dotto alimtazama Latifa bila kutabasamu. "Ulikuwa unakata majani siku ile, sivyo? Mundu wako tuliuona kule ukingoni. Mtoto mdogo anaweza akadhani ameona vitu. Halafu wakubwa wakapata shida. Na ninyi mnaishi peke yenu pale."

Mama alimshika Latifa mkono kwa nguvu. "Tupishe, Dotto. Mama yako alinisaidia kujifungua mtoto huyu. Usinifanye niende kumwambia maneno uliyoyasema leo."

Dotto alisita, akasogea. Mpaka walipopinda kona, Latifa alihisi macho yao mgongoni.

Kituoni, mpelelezi aliketi nao pamoja na mama mmoja wa ustawi wa jamii aliyemletea Latifa maji. Latifa alisema alichokiona. Kalamu ya mpelelezi ilipofika kwenye jiwe la kwanza, ilisimama.

"Nani alilirusha?"

"Sikumwona, afande."

"Ulikuwa juu yao. Uliona kila kitu. Sema tu jina, usiogope."

Latifa alimfikiria Dotto akiwa ameziba njia. Ingekuwa rahisi. Angesema jina lile moja, mpelelezi angeridhika, na Dotto asingewatisha tena. Hata alifungua mdomo.

"Niliona jiwe likitoka katikati ya watu," alisema polepole. "Mkono sikuuona. Na moto sikuona ulivyoanza. Niliona moshi tu."

"Redioni ulisema mlikuwa mnachambua maharage. Kwa nini nikuamini leo?"

Machozi yalimlenga. "Siku ile nilisema uongo kwa kuogopa. Leo pia naogopa, lakini ndivyo nilivyoona. Nimesema hata bomba, na yule ni mjomba wangu." Akafikiri kidogo. "Koti lake alilitupa upande wa kushoto wa mlango. La kahawia. Sijui kama lipo."

Mpelelezi akaita dereva.

Koti lilikutwa chini ya mabati yaliyoporomoka, kifua chake kimeungua, limekaukiwa na damu. Siku chache baadaye Kornelio aliweza kuzungumza. Alieleza kwamba hakuona uso wa aliyemtoa, lakini alimsikia akimwambia, "Shika shingo yangu, usilale." Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia kwenye mikutano yote ya maji.

Mahakamani mashtaka yalibadilishwa. La kuchoma jengo na la kujeruhi yaliondolewa. La kuharibu mali lilibaki, na Hashimu alikiri. Hakimu alimwambia wazi kwamba kiu ya kijiji haimpi mtu ruhusa ya kuchukua sururu, na kwamba sururu yake ndiyo iliyowafungulia mlango waliorusha mawe. Akamhukumu kufanya kazi za jamii, ikiwemo kujenga upya nyumba ya pampu. Hashimu aliinamisha kichwa. Wataalamu wa maji nao walikuja wakapima kijito, wakapanga zamu kati ya shamba la maua na mfereji wa kijiji. Redio iliyokuwa imeirudia habari ya picha wiki nzima iliisahihisha siku moja, kwa sentensi mbili, baada ya matokeo ya mpira.

Kornelio aliporudishwa nyumbani, mama na Latifa walimpelekea maziwa. Walimkuta amekaa sebuleni, kitambaa cheupe kimefunika jicho. Evelina alikuwa pembeni yake.

"Shikamoo, baba," Latifa alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Nilidanganya redioni."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Kornelio aliweka kikombe chini. "Nikiwa hospitali niliwasikia wakibishana. Huyu anasema mimi ni kibaraka, yule anasema mimi ni shujaa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa pale. Kila mtu alichukua kipande kinachomfaa. Na wewe ulichukua chako, kwa kumpenda mjomba wako. Uongo wa mapenzi nao ni uongo, Latifa. Karibu umfunge yule uliyetaka kumwokoa."

"Ndiyo, baba."

"Lakini nimeambiwa ulibanwa utaje aliyenipiga, ukasema hukumwona. Hapo ndipo nilipokushukuru. Nililitaka sana jina hilo. Ungenipa lolote, ningelichukua, na ningemchukia mtu bure mpaka kufa. Ninyi wote wawili mnisikie: mkiulizwa, semeni mlichokiona, hata kikimuumiza mnayempenda. Msichokiona, semeni hamkukiona, hata mkibanwa namna gani."

Evelina alisogea kwenye mkeka, akamwachia Latifa nafasi ya kukaa.

Nje, vijana walikuwa wakipita kwenda kwenye mashine ya kusaga. Kama desturi, walipaza sauti kusalimia mwenye nyumba. "Shikamoo, mzee Kornelio!" Zilikuwa sauti nne au tano kwa pamoja.

Kornelio aliangalia mlangoni kwa jicho lake moja.

"Mmoja wao anaweza kuwa ndiye," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye anajua. Mimi sijui."

Kisha akainua sauti, akawaitikia wote. "Marahaba."