Tezo la Pili

Jumanne, saa saba mchana, Yustina alikuwa anatwanga kisamvu barazani kwake Bunju aliposikia matezo mawili yakichonga. Mumewe alikuwa na tezo moja, na fundi mwenziwe alikuwa kaburini tangu mwaka juzi.

Akashika mchi hewani, akasikiliza. Ko, ko. Hilo la Fransis, la haraka. Kisha ko, zito, lililochelewa nusu pumzi, kama mtu anayejifunza hatua za mwenzake.

"Baba Jesca! Uko na nani huko bandani?"

"Niko na Mikaeli. Mwangwi tu huo, Mama Jesca. Ukuta mpya wa jirani."

Ukuta wa jirani ulikuwa umefika tofali la tatu.

Mikaeli alikuwa malaika mkuu, kimo cha mtoto wa darasa la pili, aliyeagizwa na jumuiya yao ya kanisani kwa sikukuu ya mwisho wa Septemba. Alitakiwa awe amemkanyaga shetani shingoni. Fransis, aliyekuja toka Newala na kuishi miaka ishirini kwa kuwachongea watalii mashetani yenye jicho moja na ulimi wa kufika kitovuni, alifurahi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchonga mtu mwenye macho mawili yanayolingana.

Tatizo lilikuwa gogo. Mpingo hausafirishwi bila kibali, kibali hakitoki bila barua ya kijiji, barua si barua bila muhuri, na muhuri, aliambiwa kwa simu, umesafiri na mwenyekiti kwenda semina. Katikati ya Agosti muhuri ulikuwa bado unasemina. Ndipo Fransis alipotazama pembeni mwa banda, kwenye gogo la marehemu kaka yake Gervas, ambalo upande wa chini tayari lilikuwa na shetani wa nusu: kinywa wazi, jicho limetoka, shingo haijakatwa.

Katika ukoo wao wa wachongaji, shetani aliyeachwa na marehemu hamaliziwi na mtu. Hupelekwa shimoni, akachomwa na kufukiwa, maana alishaanza kupewa mkono wa fundi na anautafuta uliobaki. Fransis alilijua hilo tangu utoto. Lakini alijiuliza: chini ya wayo wa malaika mkuu, shetani atafurukuta vipi? Jumuiya akaiambia gogo ni jipya, limetoka Newala juzi. Na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mara ya pili, akaongeza mwenyewe: "Mungu shahidi."

Gervas ndiye aliyemfundisha kuchonga. Ndiye aliyemfundisha pia kupiga mke. Kuchonga alikuwa hajaacha. Kupiga aliacha miaka minne iliyopita, alipookoka, akasimama mbele ya jumuiya na kusema ule uso wa Yustina uliovimba ulikuwa kazi ya shetani, alimpitia tu. Watu wakapiga makofi. Yustina hakupiga. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye plasta.

Jumatano asubuhi wayo wa Mikaeli ulikuwa umeteleza toka shingoni hadi begani. Fransis akajilaumu kwa kupima vibaya, akachonga upya. Alhamisi ulikuwa ubavuni. Banda likaanza kunuka chuma chenye damu, na juu ya chuma hicho, gongo, ile aliyokuwa akinywa Gervas, wakati chupa ya mwisho ya Gervas ilishatupwa siku ya matanga.

Ijumaa jogoo akaingia bandani. Fransis akainua mkono amfukuze, mkono ukaenda mbele ya nia yake, na alipojitambua ameshika kichwa cha jogoo ngumini huku mwili ukikimbia baina ya ndoo, ukirusha damu ukutani, na sikioni mwake kuna mtu anacheka na kukohoa, kikohozi kilekile cha Gervas. Akamwambia mkewe ni paka. Huo ukawa uongo mwingine, na tezo la pili likagonga saa ile ile, bila kungoja la kwanza.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Katekista Albano, aliyeitwa na Yustina, akaja na maji ya baraka na akina mama wawili. Hakufika kwenye "Amina" ya kwanza. Mkono wa kulia wa Fransis ulimdaka shingoni, ukamwinua, ukampigiza nguzoni hadi mfupa wa bega ukalia kama kuni, kisha ukamfuata chini na kumkandamiza usoni kwenye vumbi la mpingo huku Fransis mwenyewe akilia, "Katekista nisamehe, si mimi, ni shetani, si mimi!" na kila aliposema "si mimi" mkono ukazidi nguvu. Mama mmoja alipasuka mdomo kwa chupa ya maji ya baraka. Wakamburuta Albano nje kwa miguu.

Dakika kumi baadaye akafika Revelian, mtendaji wa mtaa, na ubao wa karatasi mkononi. Majirani walilalamikia kelele.

"Nasikia kuna mgeni hajaripotiwa. Utaratibu mnaujua. Jina la mgeni?"

Kinywa cha Fransis kikafunguka, sauti ikatoka toka mbali, imechakaa.

"Andika Gervas."

Mtendaji akaandika herufi mbili, akasita. Barua ya mazishi ya Gervas aliisaini mwenyewe.

"Huyu," akasema taratibu, "tulishamfuta daftarini."

Nyundo ya mti ikaruka, ikatoboa ubao na karatasi zake, ikamvunja vidole viwili. Revelian alikimbia peku. Ndala zake zilibaki mlangoni, zimepangwa vizuri, kama za mtu aliyeingia ibadani.

Akabaki Yustina. Mkoba wake ulikuwa tayari kwa jirani, Bi Mwajabu, na dada yake Adelina wa Mwananyamala alishapigiwa simu. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Baba Jesca. Gogo hili limetoka wapi?"

"Newala."

Ko, likagonga tezo ambalo halikuonekana. Lile lililoonekana likapanda juu katika ngumi ya Fransis.

"Nakuuliza tena."

"Toka hapa, Yustina! Mkono si wangu! Ni shetani!"

"Mwaka ule ulisema kakupitia. Leo kaja kweli, tena mchana kweupe. Sikiliza. Tezo hilo likinigusa naenda kwa Adelina na sirudi, na hata ukinionyesha pembe zake sitakuwa nimepigwa na shetani. Nitakuwa nimepigwa na Fransis."

Sauti iliyochakaa ya Gervas ikacheka ndani ya kifua cha mumewe. "Msikie anavyojibu. Hukumfundisha?" Na miguu ya Fransis ikaanza kutembea, ikikanyaga vumbi jeusi lenye damu ya jogoo na ya katekista, tezo likiwa juu, likatua pigo la kwanza kwenye mwimo wa mlango inchi moja toka sikio la Yustina, likang'oka na kipande cha mti, likapanda tena, safari hii likilenga palepale penye kovu la miaka minne, kwenye nyusi, mahali ambapo mkono ule ulikuwa unapajua kwa mazoea; na Fransis, ambaye hakuwa na chochote chake isipokuwa mkono wa kushoto, akaupeleka juu.

Vidole viwili vikaanguka kwenye vibanzi vya mpingo. Tezo likaganda mfupani.

"Nimedanganya," akasema. Hakupiga kelele. "Gogo ni la Gervas. Jogoo nilimuua mie. Na mwaka ule, Yustina, hakunipitia mtu. Hakukuwa na shetani. Nilikuwa mimi, nilikuwa macho, na nilijua napiga wapi."

Kitu kikamtoka kinywani, kikampasua mdomo pembeni, kikaenda na mabati matatu ya paa. Mikaeli akapasuka katikati. Nusu ya chini ikabingirika hadi miguuni pa Yustina, kinywa wazi. Akaitoa nje kwa teke.

Polisi, maana hospitali hawakupokei na jeraha la namna ile bila fomu ya PF3, askari wa zamu aliuliza aliyemjeruhi.

"Mie."

"Wewe ndiye mlalamikaji."

"Na mshtakiwa."

Askari akageuza fomu nyuma na mbele. Akashauri kwamba wengi huandika wamepitiwa na shetani, inarahisisha. Damu ilikuwa imelowesha kanga ya Yustina iliyoufunga mkono hadi kiwiko. Fransis akamtazama mkewe, kisha askari.

"Andika Fransis."

Jumuiya nayo ikaambiwa, Jumamosi iliyofuata, kuhusu gogo na kuhusu uso ule uliovimba. Hakuna aliyepiga makofi. Albano, bega limefungwa, aliuliza ni sala gani iliyomtoa shetani, ili ainakili. Fransis akamwambia aliyoyasema, na Albano akafunga daftari lake bila kuandika.

Lile gogo lilichomwa shimoni siku mbili. Muhuri ulirudi toka semina mwezi Novemba, sikukuu imeshapita, na gogo jipya likaja na karatasi zake zote. Fransis akaanza Mikaeli mwingine, akishikilia mti kwa vidole vitatu. Mkoba wa Yustina ulibaki kwa Bi Mwajabu. Hakuwa amesema atauchukua lini.

Alhamisi moja, saa saba mchana, chumvi ilizidi kwenye mboga, na Fransis, aliyekuwa na njaa, akasema neno moja kali kuhusu hilo, kwa sauti ya chini, akarudi bandani. Yustina akaendelea kuosha vyombo. Ko, ko. Kisha ko, zito, limechelewa nusu pumzi.

"Baba Jesca," akaita, bila kugeuka. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaweka tezo chini, akatoka, akakaa barazani karibu na mkewe, akachukua sufuria aisugue kwa mkono wake mbovu. "Nilikusema vibaya," akasema. "Chumvi si ugomvi." Yustina akamsogezea jivu.

Bandani tezo la pili likagonga mara tatu peke yake. Kisha likatulia, kama fundi aliyekaa kupumzika, ambaye kesho ana kazi.