Nilitia Mrututu Bwawani, Kisha Nikaona Haya Kusema

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na saba, mfanyabiashara wa mifugo hapa Garissa, na nina mke mmoja na watoto watatu. Wanaonijua mnadani husema mdomo wangu haupumziki. Ni kweli. Lakini, ndugu wasomaji, siku moja maishani nilitakiwa kutamka neno moja tu, na neno hilo nikalimeza...

Nianze na bwawa lenyewe, maana najua mtauliza: bwawa la kuogelea Garissa? Kwa jua lile na maji yale ya mgao? Ndiyo, lilikuwepo. Nyumba yangu ilijengwa na mhandisi wa kizungu aliyeletwa kutengeneza barabara. Alichimba bwawa dogo uani, la yeye na mkewe, na kazi yake ilipokwisha akaiuza nyumba akarudi kwao. Mimi sikujua kuogelea, na mpaka leo sijui. Nilichopenda ni wageni wakae pale ukingoni jioni, watie miguu majini, waende wakasimulie.

Pamoja na nyumba nilirithi mtu. Mzee Komora, Mpokomo wa kule mtoni, alilitunza bwawa tangu lilipojengwa. Alikuja Jumanne na Jumamosi kwa baiskeli, wavu wake mrefu umefungwa pembeni na sanduku la dawa nyuma. Alitoa majani na wadudu, akasugua kuta, akapima maji kwa kichupa chake, halafu akatia klorini kidogo kidogo huku akizunguka. Siku ya dawa alifunga kitambaa chekundu kwenye mlango wa seng'enge iliyozunguka bwawa. Nyumba nzima, hata Sahra, binti yangu aliyekuwa na miaka minne wakati huo, walijua sheria hiyo. Kitambaa kikiwepo, maji hayaguswi. Kikiondolewa, maji ni salama.

Mzee huyu alikuwa na kasoro moja: hakuogopa mtu. Jioni moja walinijia wafanyabiashara wenzangu moja kwa moja kutoka zizini, miguu imejaa samadi. Mzee akawaambia waende wakaioshe bombani kwanza. Rafiki yangu Dubow akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Waryaa, nyumba ni yako au ni ya mzee?" akaniuliza mbele ya wote. "Na tangu lini maji yakaoshwa? Sisi tunaoshwa na maji, yeye anaosha maji."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini ndani nilikuwa naungua. Jumamosi iliyofuata nikamwambia Mzee Komora asije tena, kazi yake nitaifanya kwa mikono yangu. Hakubishana nami. Aliuliza tu, "Na kitambaa nikuachie?" Nikamjibu aende nacho, mimi si mtoto wa kutishwa na kitambaa.

Laiti ningejua!

Haikupita wiki ya tatu maji yakawa ya kijani. Vyura wakahamia, mbu wakafuata, na harufu ikaingia hadi vyumbani. Mke wangu Halima akanishauri nimrudishe mzee. Nikamwambia aniache. Mtu anayetibu ng'ombe mwenyewe atashindwa na maji? Hapo ndipo nikaukumbuka mrututu.

Kila mfugaji anaujua. Ni zile chenga za buluu tunazoyeyusha tukaosha kwato za kondoo na mbuzi zinapooza. Nilisikia pia kwamba ukoga wa kwenye hodhi hufa kwa mrututu, na hilo ni kweli. Nisichojua ni kipimo. Nilikuwa na gunia stoo, limetumika kidogo tu. Asubuhi ya kusafiri kwenda Liboi kununua ng'ombe, nikalibeba nikalimwaga lote. Maji yenyewe yalikuwa yamepungua kwa jua, hayazidi kiuno. Nikakoroga kwa mti, nikatupa gunia tupu nyuma ya kibanda cha pampu. Halima alikuwa sokoni. Sikumwambia, kwa sababu nilitaka ayaone yamekuwa safi ashangae. Na kitambaa... kitambaa kilikwenda na mwenyewe.

Miaka hiyo ya tisini barabara ya Liboi haikuwa ya kuchezea. Majambazi walikuwa porini, na magari yalitoka asubuhi kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma. Ukikosa wa leo, unangoja wa kesho. Nilifika salama, nikafanya biashara yangu, na siku ya tatu baada ya adhuhuri nikaingia duka la taar kuzungumza na nyumbani.

Taar ni redio ya upepo, na ndiyo iliyokuwa simu yetu. Mwenye duka anaita Garissa, mtu wako anatafutwa, anakuja kwenye duka la kule mnazungumza, kila mmoja akimaliza zamu yake kwa neno "ova". Lakini haina siri. Waliokaa kwenye benchi wanakusikia. Walioko Garissa wanasikia. Wenye redio Wajir na Mandera wanasikia pia. Na kwenye benchi lile la Liboi, siku hiyo, alikuwa amekaa Dubow na kikombe chake cha chai.

Sauti ya Halima ilikuja na mikwaruzo, lakini ilikuwa ya furaha. Akasema mabomba ya mji yamekauka siku mbili. Akasema Habaryar Dahabo amefika kutoka malishoni na kondoo wake wote, wana kiu mbaya. Habaryar ni mama mdogo, ndugu wa mama. Huyu ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na kondoo wale ndio mali yake yote duniani.

"Tumewafungulia bwawa," Halima akasema. "Maji yamekuwa ya buluu, mashallah, mazuri. Majirani nao wanakuja na mitungi. Nikitoka hapa ndio tunaanza kuteka. Ova."

Kondoo na mrututu! Mnyama ambaye tunamzuia hata kulamba kwato zake mwenyewe tukishazipaka! Na watoto wangu je? Na Sahra?

Ilitosha niseme, nimetia mrututu, msinywe, ni sumu. Nikafungua kinywa. Nikamwona Dubow ameinua uso ananitazama... Nikaisikia tena ile sauti yake: tangu lini maji yakaoshwa? Nikaona mnada mzima unanicheka, mtu aliyemfukuza fundi akatia sumu nyumbani kwake.

"Halima," nikasema, "hayo maji yaacheni. Wafungie mlango. Ova."

Halafu akauliza taratibu, "Nimfungie nani? Habaryar? Kwa sababu gani? Ova."

"Nimesema funga. Ova, nimemaliza."

Wasomaji wa kwetu mnajua nilichokifanya. Kwetu sisi mtu anaweza kukunyima nyama, anaweza kukunyima hata binti yake, na mkasalimiana kesho. Lakini kumnyima maji mwenye kiu, binadamu au mnyama, ni aibu inayobaki kwa wajukuu. Na mimi nilitangaza hewani, kaskazini yote ikisikia, kwamba mama aliyenilea afungiwe maji.

Halima aliniambia baadaye kwamba alirudi nyumbani akilia kwa fedheha. Alidhani ubahili umeniingia. Ili kuifuta aibu yangu, akaufungua mlango wazi kabisa, akateka ndoo ya kwanza kwa mkono wake, akawaita majirani waliokuwa wanasita. Akampikia Habaryar chai kwa maji hayo. Maziwa yakakatika, akadhani yameharibika, akapika nyingine ya rangi yenye iliki na sukari tele. Akanywa na watoto wetu pamoja na mgeni, mtu asije akasema tunagawa tusichokunywa.

Kule Liboi nilikuwa kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nilimfuata afisa wa polisi nikamsihi aniruhusu niondoke peke yangu. Akanitazama akasema, "Bwana, unataka kufa? Kesho asubuhi." Nilirudi mara tatu mpaka mlango wa duka la taar. Mara tatu nilikuta benchi limejaa, na mara tatu nikageuka. Nilijidanganya kwamba Halima amenitii. Nilitia udhu kwa ajili ya alasiri, maji yakitiririka mkononi, nikaswali. Niliomba nini? Niliomba Mungu awaondolee wanangu kiu. Ndivyo nilivyoomba, ilhali ulimi ninao na redio iko hatua mia kutoka hapo.

Msafara wa kesho yake ulikwenda mwendo wa kobe. Karibu na Dadaab lori moja likapata pancha, wote tukasimama. Niliwachukia watu waliokuwa wakicheka chini ya lile lori. Kila nikifumba macho nilimwona Sahra na kikombe chake cha bati.

Tulifika Garissa alasiri. Nilikimbia kutoka kituoni hadi nyumbani. Nje ya ua wangu kondoo walikuwa wamelala, kichwa hiki huku, kichwa kile kule, midomo ina povu la kijani na nzi... Sikuweza kuhesabu. Niliingia uani. Hapakuwa na sauti ya mtoto. Kisha nikakiona kwenye mlango wa seng'enge: kitambaa chekundu, kimefungwa mafundo mawili.

Mzee Komora alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, fimbo mapajani. Alikuwa amelinda tangu alfajiri, akiwarudisha watu na mitungi yao.

"Watoto wako hai," akaniambia kabla sijauliza. "Wako hospitali, na mama yao, na bibi. Nenda."

Kondoo walipoanza kuanguka usiku, Halima alikuwa amemtuma jirani mtoni kumwita mzee. Mzee aliyatazama maji mara moja, akazunguka kibanda cha pampu, akaliokota gunia langu. Akalipeleka hospitali mwenyewe ili daktari ajue anatibu nini. Daktari alisema gunia lile ndilo lililowaokoa, pamoja na kutapika kwao. Mtu niliyemfukuza kwa sababu ya kicheko!

Sahra alikuwa na dripu mkononi, macho yameingia ndani. Aliniita "Aabo" kwa sauti ndogo, nikapiga magoti. Halima alikuwa kitanda cha pili, na watoto wetu wawili wakubwa miguuni pake. Habaryar alikuwa kitanda cha tatu, amegeukia ukutani. Halima akanigeukia.

"Ni wewe uliyetia?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unajua, ulipokuwa kwenye taar?"

Nikasema ndiyo. Hakupiga kelele. Alivuta shuka akajifunika uso, na siku kumi na moja hakusema nami.

Wote walipona, alhamdulillahi, na majirani waliougua walipona. Kondoo wa Habaryar walibaki wanne. Nilimnunulia wengine, akawapokea, akanishukuru. Kondoo ambao mtu amewalea tangu wanapozaliwa hawapatikani tena mnadani, na hilo mimi nalijua kuliko wengi. Mzee Komora alinionyesha namna ya kuyatoa yale maji na kuyamwaga kwenye shimo mbali na mto, kisha tukalijaza bwawa mchanga. Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe, ila maji yangu hataosha tena.

Ndugu zangu, sisemi msifanye kazi zenu wenyewe. Kama kazi ina mwenye kuijua, mwacheni aifanye. Mkiamua kuifanya, ulizeni kipimo, waambieni wa nyumbani kwenu, fungeni kitambaa hata mkichekwa. Na mkishakosea, semeni. Semeni pale pale, hata dunia nzima ikiwa kwenye benchi inasikiliza. Kicheko cha Dubow kingekwisha kwa wiki moja. Alishakisahau zamani.

Habaryar bado hututembelea. Hukaa kwangu, hula kwangu, humsuka Sahra nywele. Lakini huja na jerikeni yake ndogo ya maji, na akisikia kiu hunywa humo. Hajawahi kusema kwa nini. Juzi nilimwambia, "Habaryar, maji yapo ndani, ya bomba, safi." Akasema, "Najua, mwanangu," akafungua kifuniko akanywa yake. Nawasihi, msingoje mpaka mama yenu aje kwenu na maji yake.