Ninayo, Ninayo, Sina

Harufu ya chingamu ilianzia chumba cha kulia, na katika nyumba ya Emil Hruska chingamu ilikuwa marufuku. Binti yake Janine alikuwa amefungwa waya kwenye meno, na daktari alishamwonya kwamba siku atakapotafuna chingamu waya utang'oka na baba yake ndiye atakayelia. Kwa hiyo Darlene, mama mtu, alipoisikia ile harufu tamu yenye vumbi la sukari, alimwita mtoto na kumwamuru afungue kinywa. Kinywa kilikuwa safi. Akapekua mifuko, akapekua mkoba, akainama mpaka chini ya viti, kisha akamgeukia mumewe, maana nyumbani kwao kosa likikosa mwenyewe lilikuwa la Emil.

Emil alikuwa mezani na boksi la viatu. Kiangazi kile cha 1988 wanaume wazima wa mji wetu, hapa kando ya mto Monongahela, walikuwa wamepatwa na wazimu wa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji. Kiwanda cha chuma kimefungwa, mtu hana la kufanya, basi anapanda darini kwa mama yake kutafuta kadi alizokusanya utotoni, anakuta mama alishazitupa zamani, halafu anakwenda baa kumsema mama aliyemzaa. Emil alikuwa na bahati, kama ile ni bahati. Mama yake alifariki wakati wa Kwaresima bila kutupa hata kadi moja. Boksi lilikutwa limefungwa uzi, kadi zimepangwa timu kwa timu, na raba bendi zimekauka hata zikakatika alipozigusa.

"Ni hizi," alisema Emil. "Enzi zetu ziliuzwa pamoja na chingamu. Harufu imegandia."

Darlene akainamia boksi, akanusa. Kadi zilinuka vumbi na mavi ya panya. Harufu ya chingamu ilikuwa inatoka upande wa ngazi.

Jioni ile taa za barabarani zikawaka. Mtaani kwetu taa hizo ndizo saa ya watoto: zikiwaka tu, akina mama wanatoka barazani na kuita, na mtoto hata kama yuko katikati ya mchezo anatupa gongo la mpira anakwenda kula. Watoto wote walikuwa wameshaingia, barabara tupu, ndipo Emil aliposikia baiskeli inashuka mteremko, trrrr, sauti ya kadi iliyobanwa kwa kibanio cha nguo ikipigwa na spoki. Mwanaume yeyote wa umri wake anaijua. Zamani zao baiskeli isiyo na kadi kwenye spoki ilikuwa baiskeli ya bibi kizee. Emil akatabasamu peke yake, akatoka nje amwone huyo mtoto wa siku hizi anayejua mambo ya kale. Sauti ikampita mbele ya miguu, karibu kiasi cha upepo wake kugusa suruali, na hakuona baiskeli. Akarudi ndani, akafunga mlango kwa komeo, akamwambia mkewe ni joto tu linamchezea.

Kesho yake, wakati kama ule, Darlene akiwa jikoni anaosha vyombo na Janine akiwa kwenye televisheni, Emil alikwenda kupanda ngazi na akasimama kwenye kidato cha kwanza. Ukuta wa ngazi ile umejaa picha. Chini kuna babu yake aliyekuja kutoka Slovakia, masharubu yamemfunika mdomo, kisha bibi, kisha mjomba Pavol aliyefia kiwandani, kisha baba, kisha mama. Juu kabisa, kwenye fremu ndogo, ilitundikwa picha ya shule ya Janine, ile ya kubeba kwenye pochi, saizi moja na kadi. Mbele ya picha ya babu kulikuwa na mtu anayenong'ona.

"Ninayo," ilisema sauti. Ilikuwa ya mtoto wa kiume, dhaifu, kama ya mtu aliyekuwa anapumua kwa shida. Kidato kikalia. "Ninayo." Kikalia kingine. "Ninayo."

Emil alijua maana yake, na kujua huko ndiko kulikomtisha, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokuwa wakibadilishana kadi, mmoja anashika rundo la mwenzake na kulipitia harakaharaka, ninayo, ninayo, ninayo, mpaka akutane na ile anayoitamani rohoni, hapo anasimama, na sasa yule asiyeonekana alikuwa ameshampita babu, bibi, mjomba na baba, akafika kwa mama yake Emil aliyezikwa majuzi tu, akasema ninayo, na Emil akang'amua kwamba wote aliodai anao walikuwa marehemu, akaanza kukimbilia juu, huku kidato cha mwisho kikilia taratibu na harufu ya chingamu ikimshukia usoni.

"Huyu," ilisema sauti, "sina."

Alipofika juu, fremu ilikuwa ukutani na kioo chake kizima. Picha ya Janine haimo.

Jioni iliyofuata baiskeli ilipopita, Janine alishika shavu akalalamika kwamba kuna kitu kinamchapa. Darlene akamvuta kwenye mwanga. Shavu lilikuwa na mistari myembamba, myekundu, iliyopangana kama imechapwa kwa waya. Daktari akasema ni mzio, akaandika dawa ya kupaka. Jioni iliyofuata mistari ikafika kwenye paji la uso, kisha shingoni, na mtoto akaanza kuishiwa nguvu, hana homa, hana kikohozi, ila hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Ikabidi atandikiwe kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Padri Cyril alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza ngazi yote, akala sahani mbili za haluski, zile tambi za kukaangwa na kabichi, akasifu kabichi ilivyoiva, akaenda zake. Hata hajafika kwenye kona, taa zikawaka na trrrr ikashuka mteremko.

Darlene alisubiri mtoto asinzie. Kisha akaja akakaa mkabala na mumewe.

"Emil, kuna kitu hunambii."

Hakuwa na pa kujificha, akamweleza. Mtaa huuhuu, kiangazi cha 1957, alikuwako mtoto anaitwa Lenny Bozek, moyo wake mbovu, amelazwa dirishani mwaka mzima. Alikuwa amekusanya kadi za timu nzima ya kwetu akabakiza moja, ya mchezaji aitwaye Rocco Tarver. Tarver mwenyewe hakuwa lolote, hata mpira wa mtoto angeukosa, lakini ndiye Lenny aliyemkosa na ndiye Emil aliyekuwa naye. Emil akachukua kadi nzuri kuliko zote kwenye rundo la Lenny na kuahidi kumletea Tarver kesho. Wakafungana vidole vya mwisho, wakasema maneno wanayosema watoto wote wa besiboli ili mtu asije akageuka: hakuna kurudishana.

"Ukampelekea?" Darlene aliuliza, ingawa alishajua.

Kesho yake wenzake walikuja kumchukua wakacheze, na baiskeli yake haikuwa na kadi kwenye spoki. Tarver alikuwa mfukoni. Emil akambana kwa kibanio cha nguo, kwa muda tu, alijiambia, na kiangazi chote akapanda na kushuka mteremko mbele ya dirisha la Lenny, Tarver analia kwenye spoki mpaka uso wake ukafutika na kadi ikawa nyuzinyuzi. Shule hazijafunguliwa, Lenny akafa. Emil alikuwa na miaka tisa. Mwaka huu Janine alikuwa na miaka tisa.

Darlene hakumtukana, na hilo lilimwumiza zaidi. "Nenda kwa mama yake," alisema. "Nenda sasa hivi, Emil."

Bi Bozek alikuwa hai bado, nyumba ileile, kizee amekauka lakini macho makali. Alimsikiliza Emil mlangoni mpaka mwisho, bila kumkaribisha kiti.

"Unajua mimi nilikushukuru?" alisema. "Kila ukipita na kibaiskeli chako, Lenny alikuwa ananyamaza anasikiliza. Nikasema, angalau huyu wa Hruska anamchangamsha mwanangu. Siku moja nikakuta analia. Namwuliza, baba, unalia nini? Akaniambia, 'Yule anayelia kwenye gurudumu ni Tarver, mama. Ni wangu.'"

Emil alilia palepale mlangoni, mwanaume mzima wa kiwandani. Akasema amekosa, akasema hana Tarver wa kumrudishia, akasema mtoto wake anakwisha.

"Mtoto wako hajakukosea kitu, na wangu hakukukosea," alisema Bi Bozek. Akachukua fimbo yake. "Wenzangu waliita watoto wao kila jioni taa zikiwaka. Wangu alikuwa ndani, nimwite kutoka wapi? Sikuwahi kumwita hata mara moja. Kesho nitakaa barazani. Wewe tafuta cha kumpa."

Usiku kucha Emil alichambua lile boksi, na chini kabisa, chini ya kadi zote, alikuta kitu ambacho mama yake alikichomeka: picha yake mwenyewe ya shule, ana miaka tisa, nywele zimenyolewa vibaya, jino la mbele halipo. Akaitazama sana kabla ya kuitia mfukoni.

Jioni ilipofika alisimama katikati ya barabara. Nyuma ya kioo cha dirisha la sebule, Darlene alikuwa amempakata Janine, mtoto amelegea mikononi mwake. Taa zikawaka. Trrrr ikashuka mteremko, na safari hii ilipomfikia ikapunguza mwendo mpaka akasikia kila spoki peke yake, tra, tra, tra, ikasimama. Harufu ya chingamu ikamziba pua.

"Lenny," alisema kwa sauti ya chini. "Nina za kubadilisha."

Akashika rundo la kadi alizozitoa kwenye boksi mbele ya hewa tupu, akazifunua mojamoja. Ninayo, ilisema sauti karibu na tumbo lake, pale kinapofika kichwa cha mtoto. Ninayo. Ninayo. Kadi zikaisha. Emil akatoa picha yake.

Pembe ya picha ikainama, kama mtu anaishika aitazame.

"Huyu sina."

"Nipe Janine, nikupe huyo."

Kidole kidogo, baridi kama bomba la majira ya baridi, kikajiviringisha kwenye kidole chake cha mwisho. "Hakuna kurudishana," ilisema sauti. Emil akarudia yaleyale, na picha ikamponyoka, na baiskeli ikaanza kumzunguka, polepole kwanza, kisha kwa kasi, na kila spoki ilipopiga, ngozi ya shavu lake ikawaka, akapiga magoti kwenye lami, akajifunika uso kwa mikono yote miwili na isimsaidie kitu, damu ikipenya kati ya vidole na trrrr ikijaa kichwani hata akasahau jina lake, akasahau mtaa, akabaki anajua jambo moja tu, kwamba hivi ndivyo alivyofanyiwa Tarver na kwamba yeye Tarver hakuna aliyemsikitikia.

"Lenny!" Sauti ya kizee ilitoka barazani, imepasuka, lakini ilikuwa ya mama anayeita. "Njoo ule, baba. Taa zimewaka."

Sauti ikakatika. Baiskeli ikasikika ikienda polepole hadi kwa Bi Bozek, ikalazwa kwenye majani, na mlango wa wavu ukafunguka na kujifunga. Pale barabarani, mbele ya magoti ya Emil, ilikuwa picha ya Janine, uso wake una mistari. Alipoingia nayo ndani, mtoto alikuwa amekaa, anaomba maziwa.

Kuanzia hapo Bi Bozek alimwita mwanawe kila jioni. Majirani walisema kizee amerukwa na akili. Baiskeli ilishuka, shavu la Emil likawaka kidogo, kizee akaita, ikanyamaza. Janine akapona, akabakiwa na mistari hafifu isiyoonekana ila kwenye mwanga mkali. Wakaanza kuzoea, kama watu wanavyozoea mguu mbovu.

Bi Bozek alifariki Januari. Walimzika kwenye theluji, wakarudi, Darlene akapakua haluski, wakakaa kula watatu. Hakuna aliyeuliza leo nani atamwita Lenny. Taa za barabarani zikawaka, na kutoka juu ya mteremko, kwenye theluji ambayo baiskeli haiwezi kupita, ikaja trrrr.

Barazani kwa Bi Bozek hakuna aliyeita. Shavu la Emil likapasuka, damu ikatonea mezani, sauti ikaja mpaka chini ya dirisha na kuanza kuizunguka nyumba, kwa kasi, kwa kasi zaidi, Emil ameanguka pamoja na kiti chake na anajifunika uso, na Darlene, ambaye alimpenda mume wake na hakuwa na nafasi ya kufikiri, akakimbilia mlangoni, akaufungua wote, akaita kwa nguvu zake zote.

"Lenny! Njoo ndani, mwanangu! Njoo ule!"

Sauti ikakatika.

Kwenye theluji, karibu na ngazi ya baraza, kitu kizito kikalazwa chini. Mlango wa wavu ukafunguka na kujifunga. Harufu ya chingamu ikapita katikati yao, na upande wa meza ambao hakuna anayekaa, kiti kikavutwa nyuma, kikasogezwa mbele tena.

Darlene alisimama na mkono mdomoni. Janine ndiye aliyeinuka, akaenda kabatini, akarudi na sahani ya nne. Akainamisha kichwa kuelekea kile kiti, kama mtu anayenong'onezwa, akamtazama mama yake.

"Usimtilie kabichi," alisema. "Haipendi."